Fundisha Akili Kabla Hatari Haijafika

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambi, jibuni ulizo hili bila kwenda kutazama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dispansari. Mwenzako amekatwa mkono, damu inaruka. Unafanya nini kwanza? Unafanya nini pili? Usiseme tu "jambo hilo nalijua". Taja kwa sauti, hatua kwa hatua.

Wengi watakwama kwenye hatua ya pili, na hao si wajinga. Walifundishwa, walitazama, walielewa, wakatia sahihi kwenye daftari. Lakini mtu akisoma karatasi ileile mara tano, macho yanaizoea, na akili inamdanganya kwamba imeishika. Siku ya damu karatasi haiko.

Jibu lenyewe: kandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi na kiganja chote, mlaze chini, tuma mtu mwingine aite msaada, wewe usiondoke, usifunue kila mara kuchungulia kama damu imekoma. Sasa geuza gazeti uso chini useme tena. Dakika hiyo moja ya kujiuliza ina faida kuliko kusoma ukurasa huu mara tatu.

Mambo haya yamechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha kwamba tunayojifunza hupotea haraka zaidi katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia siku mbalimbali kunashika kuliko kurundika yote siku moja. Kwa huduma ya kwanza sharti tuwe waangalifu zaidi, kwa kuwa ni ufundi usiotumiwa kila siku. Mtu aliyefundishwa kufinya kifua cha aliyezimia na kuacha kupumua (mara 30 kisha pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika) huanza kupoteza ufundi huo ndani ya miezi 3 hadi 6 asipojizoeza.

Kuna habari moja ninayoipenda, kwa sababu inahusu wafanyakazi kama sisi. Posta ya Uingereza ilitaka kuwafundisha watu wake kupiga mashini ya herufi. Wataalamu wawili, Baddeley na Longman, waliwagawa katika makundi, wakatangaza matokeo mwaka 1978. Kundi moja lilifundishwa saa 1 tu kwa siku. Lingine saa 4, yaani saa 2 mara mbili. Wale wa saa 1 walizijua herufi kwa karibu saa 35 za mazoezi. Wale wa saa 4 walihitaji karibu saa 50. Na ajabu ni hii: wale wa saa 1 ndio waliolalamika, maana kwa kuhesabu siku walijiona wanachelewa. Basi, ndugu, usipime mazoezi kwa jinsi unavyojisikia. Dakika 10 kila siku, zilizokaa kidogo ngumu, ndizo zinazojenga.

Sasa tuseme juu ya chombo cha kupumulia, kile cha kujiokoa katika moshi na hewa mbaya. Sisi watu wa Kalemie tunayajua makaa ya mawe ya kando ya Lukuga, kwa hiyo habari ya shimo la Sago, huko West Virginia, Marekani, si ya mbali nasi. Tarehe 2 Januari 2006 shimo hilo la makaa ya mawe lililipuka. Watu 13 walinaswa chini. 12 wakafa, akaokoka mmoja. Mwisho wa mwaka huo serikali yao iliamuru kwamba wachimba makaa wote wa chini ya ardhi wajizoeze kukivaa chombo hicho kwa mikono yao wenyewe kila baada ya miezi 3. Mafundisho ya mara moja kwa mwaka yalionekana hayatoshi.

Kati ya zoezi na zoezi, unaweza kujizoeza bila chombo mkononi. Mwaka 1995 daktari Alvaro Pascual-Leone na wenzake walitangaza jaribio la watu wasiojua kupiga piano. Kwa siku 5, saa 2 kila siku, wengine walipiga kwa vidole, wengine walikaa mbele ya piano wakifikiri tu wanapiga. Sehemu ya ubongo inayoendesha vidole ilibadilika kwa wote wawili. Waliofikiri tu, siku ya 5 walipiga kama wenzao walivyopiga siku ya 3. Kwa hiyo mawazo hayachukui nafasi ya mikono, lakini yanaiandalia njia.

Namna ya kufanya: usijitazame kama mtu aliye katika sinema. Uwe ndani ya macho yako mwenyewe. Taa imezimika, koo linawasha, mkono unatafuta mkanda. Fungua, vuta, tia mdomoni, bana pua, kila kitu kwa mwendo wake wa kweli. Kisha tia matata: mkanda umekwama. Utafanyaje? Pale unapokwama ndipo pa kurudia. Hatua unazozijua ziache. Fanya hivyo ukiwa kitandani au umekaa kwenye lori la kazi, lakini kamwe usifanye ukiendesha mashini au gari! Halafu lala. Usingizi unasaidia akili kuushika ufundi, na lutuku inauharibu usingizi huo, hata kama mnywaji anakoroma.

Akina mama, kwenu jambo hili linahusu kipindupindu, ambacho hapa Kalemie tunakijua sana. Mtoto akihara na pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji haiko nyumbani, tunatengeneza hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Saa nane ya usiku, taa ndogo, mtoto analia: mama anayebahatisha anaweza kugeuza chumvi iwe 6, na chumvi nyingi inaweza kumwua mtoto. Basi mtoto mkubwa amwulize mama akisonga bukari: "Mama, chumvi ngapi?" Aulize leo, kesho kutwa, na tena baada ya juma moja. Baba naye aulizwe. Kumbukeni kwamba maji haya ni ya njiani tu. Mgonjwa aletwe upesi huku akinyweshwa.

Bandeji za mazoezi ziko dispansari. Njooni wawili wawili mwisho wa kazi: mmoja awe mgonjwa, mwingine afunge, kisha mbadilishane. Karatasi ya mlangoni nitaigeuza mkifika.