Upepo hauna zamu: kwa nini umeme wake unahitaji msaidizi

Wavuvi wa Musoma na Bunda wanajua kuwa upepo wa ziwa una saa zake. Usiku huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka. Siku nyingine hutulia kabisa, tanga likalegea. Ndiyo maana msikilizaji akituuliza kwa nini Mara tusijengewe mitambo ya upepo ili umeme usikatike, tunaanzia hapo: upepo haupangiwi zamu.

Gridi haina ghala

Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, kila sekunde. Watu wa Butiama wakiwasha mashine za kusaga, mtambo fulani mahali fulani lazima uongeze nguvu muda huohuo. Tofauti ikizidi, mitambo hujizima isiharibike. Mmoja ukizima, mwingine huelemewa, na nchi nzima inaweza kuingia gizani.

Yaliyowapata majirani

Kenya ina mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Muda wote huo upepo ulivuma bure.

Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Turkana. Wenye mitambo walisema ilizimika kwa sababu ya hitilafu iliyotoka kwenye gridi. Vyovyote iwavyo, umeme mwingi wa sehemu moja ukiondoka ghafla, lazima kuwe na mwingine tayari wa kuziba pengo.

Nani wa kuziba pengo?

Msaidizi mzuri ni maji. Upepo ukivuma, bwawa hupunguza maji yanayopita kwenye mitambo na kuyatunza. Upepo ukilala, hufunguliwa tena baada ya dakika chache. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililopewa jina la mwana wa Butiama. Huko Mufindi, Iringa, mitambo mitatu ya upepo iliunganishwa mwaka 2020 na mtambo mdogo wa maji unaohudumia vijiji.

Betri kubwa husaidia pia, na utabiri wa hewa huwapa waendesha gridi muda wa kujiandaa. Njia za umeme kati ya nchi, kama ile ya Kenya na Tanzania, huwezesha jirani kumsaidia jirani.

Tuulize nini?

Siku mkiletewa habari za mitambo ya upepo kijijini, ulizeni mambo matatu: nyaya za kuubeba umeme huo zipo? Upepo ukilala, nani anaziba pengo? Na gharama ya huyo msaidizi analipa nani? Majibu yakikosekana, mitambo itazunguka na taa zitaendelea kuzimika.