Makande Yaliyopikwa na Kapu

Shangazi yangu alishuka kutoka milima ya Upare kuja kututembelea Dar es Salaam, akanikuta uani na sufuria ya makande. Nilikuwa nimeibandika tangu saa nane mchana. Mkaa ulikuwa mwekundu wote, sufuria haina mfuniko, maji yanarukaruka mpaka yanamwagikia jikoni, nami kila baada ya muda nachota kopo la maji na kuongeza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta kigoda. Alitazama kwa kitambo bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mwanangu, makande utayapika saa ngapi? Maana sasa hivi unapika mvuke."

Siku ile sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya watu wazima wasiopenda kuona mkaa ukiteketea. Baadaye niliporudia fizikia niliyosoma sekondari ndipo nilipotambua kwamba shangazi alikuwa amesema jambo la kweli kabisa. Tukizungumzia kutunza mazingira nyumbani, wengi wetu tunafikiria kwanza mifuko ya plastiki, ile ambayo Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ni vizuri imeondoka. Lakini mimi sasa naamini kwamba katika nyumba inayopikia mkaa, jambo kubwa zaidi liko chini ya sufuria ya maharage, na sehemu kubwa ya jambo hilo haihitaji kununua chochote.

Mjini kwetu, kando ya bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za selisiasi. Yakishafika hapo hayapandi tena. Uwashe moto wa wastani au upepee jiko mpaka cheche ziruke, punje ya harage ndani ya sufuria inapata nyuzi zilezile 100 na inaiva kwa mwendo uleule. Moto wa ziada unakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 314. Kuikausha lita hiyohiyo ikiwa tayari inachemka kunahitaji kilojuli 2,260 hivi, zaidi ya mara saba. Kila kopo nililoongeza mchana ule lilikuwa linafidia maji yaliyopanda hewani pamoja na mkaa wangu.

Nilipiga hesabu. Sufuria yenye lita tatu za maji na kilo moja ya mahindi na maharage inahitaji kama kilojuli 1,100 ili ianze kuchemka. Kilo moja ya mkaa mzuri ina takriban kilojuli 29,000. Kama joto lote la mkaa lingeingia kwenye chakula, gramu 40 zingetosha: vipande viwili vitatu vya kujaa kiganja. Bila shaka haliingii lote. Jiko la bati tupu hupitisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu, tuseme moja ya tano, na kinachobaki hupotelea kwenye kuta zake na kwenye upepo. Hata hivyo robo kilo ya mkaa inatosha kuyachemsha makande. Mimi nilikuwa nimemaliza kopo zima la mkaa na kuanza la pili.

Hapo ndipo mfuniko unapopata heshima yake. Mvuke ukigonga mfuniko unarudi kuwa matone na kudondokea ndani, hivyo maji hayapungui na hakuna sababu ya kuongeza mengine ya baridi. Makande yakishachemka, funga kimlango cha jiko, fukia makaa kidogo kwa majivu, na uache sufuria itokote taratibu. Ukisikia mfuniko unacheza na kupiga kelele, jua moto ni mwingi kuliko kazi iliyopo. Na chakula kikishaiva, makaa yaliyobaki yasiachwe yajifie yenyewe wala yasimwagiwe maji. Yatie kwenye debe lenye kifuniko cha kubana. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yanawaka tena upesi.

Kwa nini nijali vipande vichache vya mkaa? Kwa sababu ya namna mkaa unavyozaliwa. Sehemu kubwa ya mkaa unaoingia Dar es Salaam hutoka kwenye misitu ya miombo na vichaka vya mikoa kama Pwani, Morogoro na Tanga. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto na kuacha hewa kidogo tu ipenye. Kwa siku kadhaa kuni zinaungua nusunusu. Maji yanatoka kwanza, halafu gesi na moshi mzito wenye lami, na mwisho hubaki kaboni karibu tupu. Ndiyo maana mkaa ni mwepesi na hautoi moshi mwingi jikoni: moshi wake uliachwa msituni. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa humeza kilo tano hadi kumi za kuni. Karibu thuluthi mbili ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti, na mara nyingi zaidi ya hapo, hupotea kabla gunia halijapakiwa. Kwa hiyo kipande unachokiokoa jikoni ni kipande cha mkia. Nyuma yake kuna gogo zima.

Simlaumu mchomaji mkaa, na sipendi makala zinazomgeuza kuwa adui wa taifa. Miombo ina sifa ambayo watu wengi wa mjini hawaijui: miti yake mingi ikikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki, kwa sababu mizizi bado iko hai na ina akiba. Eneo lililokatwa likiachwa lipumzike miaka ya kutosha, msitu unarudi. Haurudi pale shamba linapofuata shoka, au moto unapopita kila mwaka, au wakataji wanaporudi chipukizi zikiwa bado nyembamba kama fimbo. Hilo la tatu linatokana moja kwa moja na hamu yetu ya mkaa, na ndilo tunaloweza kulipunguza tukiwa jikoni.

Makande huanza jana yake. Shangazi huloweka mahindi na maharage usiku, na asubuhi humwaga yale maji. Punje kavu ina ganda gumu, na seli zake zimeshikamanishwa na gundi ya asili iitwayo pektini, ambayo hukazwa na kalisiamu na magnesiamu. Punje ikinywa maji usiku kucha, joto linapenya mpaka katikati bila kusubiri maji yatangulie, na muda wa kupika unapungua sana. Magadi yanasaidia kwa njia nyingine: sodiamu yake huchukua nafasi ya kalisiamu katika ile gundi, nayo inalegea. Lakini magadi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage, kwa hiyo mimi sasa nayaweka kando. Usiku mmoja wa kuloweka unatosha, na usiku hauna gharama.

Sasa nije kwenye kapu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Ikiwa maji hayahitaji kuruka, na ikiwa moto baada ya kuchemka unafanya kazi ya kurudisha joto linalopotea tu, basi swali linalofuata ni hili: joto lisipopotea, moto una kazi gani? Karibu hauna kazi. Watu wa Ulaya walijua hivyo zamani, wakifukia vyungu vyao ndani ya masanduku ya majani makavu. Bibi yangu naye alijua, maana uji wa mgonjwa aliufunga kwa kanga mbili na blanketi na ulikaa moto mpaka adhuhuri. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi za kitambaa, zaidi kuliko nyuzi zenyewe. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida kubwa; maji hupitisha zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, na alumini ya sufuria hupitisha maelfu ya mara. Lakini hewa ikipata nafasi ya kuzunguka hubeba joto na kuondoka nalo. Kazi ya kapu ni kuigawa hewa katika vyumba vidogo mno ili isitembee.

Nilichukua kapu kubwa la ukindu, lile la kubebea vitu vya sokoni, nikalitandika blanketi kuukuu. Kisha nikapasua mto wa zamani uliojaa sufi. Sufi ni zawadi kwa kazi hii. Kila unywele wake ni mrija mwembamba wenye hewa ndani, na ndiyo sababu zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Asiye na sufi atumie mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, au pumba za mpunga zilizokauka vizuri. Nilishona mito miwili: mmoja wa kuzunguka sufuria, mwingine wa kufunika juu. Kila mto uwe mnene kuliko unavyodhani, kama kiganja kizima kwa upana, na usiache upenyo hata wa kidole.

Mara ya kwanza nilishindwa. Maharage yalibaki magumu, na kosa lilikuwa langu mara mbili: sufuria ilikuwa nusu, na nilikuwa nachungulia kila nusu saa. Sufuria iliyojaa ina akiba kubwa ya joto ikilinganishwa na eneo lake la nje, kwa hiyo hupoa polepole. Iliyo nusu hupoa haraka. Na kila unapofunua, unatoa mvuke ambao hakuna moto wa kuurudisha. Mara ya pili nilijaza vizuri, nikaacha makande yachemke kwa nguvu nusu saa, nikaipua, nikaizika sufuria ndani ya sufi na nisiiguse kwa saa nne. Nilipofunua, punje zilikuwa zimepasuka.

Ile nusu saa ya kuchemka si ya kukwepa, na hapa naomba tusilichukulie jambo kirahisi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayosababisha kutapika na kuharisha. Maji yanayochemka kabisa huiharibu. Joto la nyuzi 80 halitoshi. Kwa hiyo: loweka, mwaga maji, chemsha kwelikweli, ndipo uzike. Na usiache chakula ndani ya kapu mpaka asubuhi. Kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana, na sufi itakitunza katika uvuguvugu wanaoupenda. Kabla ya kula, kirudishe jikoni kidogo kichemke tena.

Nilipomweleza shangazi kwa simu, alikuwa na swali la maana: mbona kwao maharage huchukua muda mrefu kuliko kwetu hata moto ukiwa uleule? Kwao ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haikandamizi maji sana, nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyuzi tano zinaonekana ndogo, lakini kulegea kwa pektini hutegemea sana joto, na hapo ndipo saa nzima inapoongezeka. Sufuria ya presha hufanya kinyume chake: huufungia mvuke ndani mpaka maji yafike karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya saa moja, iwe pwani au mlimani.

Siku hizi iko sufuria ya presha inayotumia umeme, yenye kuta zinazotunza joto kama kapu langu. Hupika maharage kwa umeme usiofika yuniti moja. Kwa nchi ambayo mwaka 2024 ilianza kuzalisha umeme katika bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mradi wa megawati 2,115, nauona huu kuwa mwelekeo wenye akili. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka huohuo, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Natamani ifike mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu na moshi huo ni kina mama na watoto. Mkaa, ambao hauna moshi wa kuonekana, hutoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi nasikitika kusikia habari za waliolala na jiko chumbani.

Lakini sufuria ya umeme inalipiwa kwa mkupuo, na jirani yangu ananunua mkaa kwa kopo kwa sababu pesa yake nayo inakuja kwa kopo. Kumwambia ahamie umeme leo ni kumwambia atafute fedha ambazo hana. Kapu analo tayari, na nguo kuukuu anazo. Nilimshonea mito miwili, na sasa kopo lake la mkaa linamaliza siku mbili za maharage.

Shangazi alikuja tena mwaka huu. Nilimbandikia makande mchana, nikayazika, tukaenda naye Kariakoo. Tuliporudi jua limeshuka, nilifunua kapu mbele yake. Mvuke ulipanda. Akachota kwa mwiko, akapuliza, akaonja punje moja moja.

"Chumvi imepungua," alisema. Kisha akaubonyeza mto kwa vidole, akauliza kama kuna sufi iliyobaki.