Delta ya Rufiji: Namna Picha Inavyotunza Kumbukumbu ya Ardhi Isiyotulia

Abiria anayepanda boti katika gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, huona kitu kimoja pande zote: ukuta wa mikoko. Hakuna mlima, jabali wala bonde la kuipa kamera mahali pa kuanzia. Hata hivyo, Delta ya Rufiji ni miongoni mwa mandhari ngumu zaidi kupigwa picha nchini, kwa kuwa ugumu wake umo katika tope, mikondo inayohama na maji yanayopanda na kushuka mara mbili kila siku.

Picha za eneo hili zina uzito kuliko uzuri wake. Tathmini ya mikoko ya mwaka 1989/1990 ilikadiria kuwa delta ilikuwa na takribani hekta 53,000 za misitu hiyo, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mwaka 2004 delta iliingizwa katika eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu. Linapoulizwa swali kama msitu umepungua au umerejea, picha ni sehemu ya ushahidi unaotafutwa.

Funzo la mwaka 1915

Ugumu wa kuiona delta kutoka chini ulidhihirika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya kuizamisha HMS Pegasus ya Uingereza katika bandari ya Zanzibar Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilijificha ndani ya delta. Meli za Uingereza zilijua kuwa imo humo, lakini kina kifupi cha maji na msitu mnene viliwazuia mabaharia kuifikia na kujua mahali ilipo hasa.

Jibu lilipatikana angani. Marubani waliruka juu ya mikoko, wakaitafuta manowari hiyo na kuipiga picha. Julai 1915 ndege zilielekeza mizinga ya HMS Severn na HMS Mersey, na Julai 11 Königsberg, ikiwa imeharibiwa vibaya, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mito ambayo kutoka baharini ilionekana kama msitu usio na mlango, kutoka juu ilisomeka kama ramani.

Saa ya maji kabla ya saa ya jua

Wapiga picha wengi wa mandhari hufuata mwanga wa asubuhi na jioni. Katika delta, jambo la kwanza ni kujua saa ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa, na hupungua wakati wa maji mafu. Maji yakijaa, matawi huonekana kama yanaelea. Yakipwa, hufichuka mizizi ya mkoko iliyopinda kama magoti, mizizi ya mchu inayochomoza kwenye tope, na mashimo ya kaa.

Aina za miti nazo husimulia. Mlilana na mchu husimama karibu na bahari, ilhali msikundazi na mkomafi hupatikana zaidi pale maji ya mto yanapopunguza chumvi. Picha zinazopigwa kwa mfuatano kutoka mdomo wa mto kuelekea ndani humwonesha mtazamaji chumvi inavyopungua.

Picha moja haitoshi

Mafuriko ya mwaka 1978 yaliegemeza mkondo mkuu wa mto upande wa kaskazini. Maji yasiyo na chumvi yakaongezeka huko, na kilimo cha mpunga kikapanuka ndani ya mikoko. Leo mashamba na madungu ya wakulima ni sehemu ya sura ya delta, kama ilivyo mitumbwi ya wavuvi.

Hapo ndipo picha moja inapoweza kupotosha. Uwazi katikati ya msitu unaweza kuwa shamba jipya, shamba la zamani lililoachwa, au ukingo uliomegwa na mto. Picha isiyo na tarehe inaweza kumhukumu mkulima kwa ukataji asioufanya, au kuficha ukataji unaoendelea.

Setilaiti husaidia kuziba pengo hilo. Kumbukumbu za Landsat zilianza mwaka 1972, na tangu mwaka 2015 setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hutoa bila malipo picha zinazoonesha vitu vya ukubwa wa mita 10. Mawingu ya masika yakizuia, picha za rada hupenya. Hata hivyo, setilaiti huona zaidi vilele vya miti. Kinachotokea chini yake huhitaji mtu aliyesimama kwenye tope.

Namna ya kuweka kumbukumbu

Mwananchi mwenye simu ya kawaida anaweza kushiriki. Achague mahali pasipohama, kama ukingo wa gati, na apige picha kutoka hapo kila mwaka, katika msimu uleule na maji yakiwa katika hali ileile, bila kuvuta taswira karibu. Aandike tarehe, saa, uelekeo wa kamera na kama ni bamvua au maji mafu. Baada ya miaka michache, picha hizo zikiwekwa pamoja zitaonesha mti uliokua, ukingo uliomegwa au shamba lililorudi kuwa msitu.

Anayekusudia kurusha ndege isiyo na rubani anapaswa kufuata taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na anayeingia katika hifadhi ya mikoko awasiliane na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kabla ya kuwapiga picha wakazi, makazi au mashamba yao, ni wajibu kuomba ridhaa yao, kwa kuwa kumbukumbu ya delta ni kumbukumbu ya maisha yao pia.