Kulowea Mirihi au Kuitawala? Mjadala wa Kitenzi Kimoja

Mwezi uliopita, katika kikao chetu cha tafsiri cha Alhamisi jioni hapa Markham, tulipewa sentensi moja tu ya Kiingereza. Ilisema kwamba siku moja binadamu atazifanya sayari nyingine makoloni yake. Tulidhani tungeimaliza kwa dakika tano tuhamie kwenye chai na mandazi. Saa nzima ikapita, chai ikapoa, na ubaoni kulikuwa na vitenzi vilivyofutwa na kuandikwa tena.

Wa kwanza aliandika "watazitawala". Wa pili akaandika "watazihamia". Wa tatu, ambaye haachi kamusi yake nyumbani, akaandika "watalowea kwenye sayari nyingine". Mwenzetu aliyeanza kujifunza Kiswahili mwaka huu akauliza kama Mirihi kuna mvua hata watu walowe. Tulicheka sana. Mwalimu akatueleza kwamba kulowa ni kuingiwa na maji, lakini kulowea ni kwenda ugenini na kufanya makazi huko moja kwa moja. Ndiko linakotoka neno mlowezi.

Kicheko kiliishia hapo. Mwanachama mmoja, ambaye jamaa zake ni watu wa Nakuru, alisema kwao neno hilo halisemwi kwa mzaha. Babu yake alizaliwa kama kibarua kwenye shamba la mlowezi. "Mkitaka kuandika habari za Mirihi andikeni," alisema, "lakini msilitumie neno hilo kana kwamba limetoka dukani leo."

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Kadiri nilivyolifikiria, ndivyo nilivyoona kwamba ugomvi wetu haukuwa wa kamusi. Neno lile moja la Kiingereza limefunika mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenganisha. Kulowea ni swali la mwili: je, mtu anaweza kuishi huko? Kutawala ni swali la haki: nani atasema hapa ni pangu? Naomba tuyaangalie moja baada ya jingine.

Kulowea: je, mwili utakubali?

Tuanze na safari. Mirihi ikiwa karibu nasi iko umbali wa takriban kilomita milioni 55. Ikiwa mbali, karibu milioni 400. Kwa roketi za leo, safari ya kwenda ni miezi sita hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja tu kila miezi 26. Ukimpigia mama simu kutoka huko, sauti yako itachukua kati ya dakika 3 na 22 kumfikia, na jibu lake litachukua muda kama huo kurudi. Hakuna kukatizana maneno.

Ukifika, siku haitakushangaza, kwani ina saa 24 na dakika kama 40. Mengine yote yatakushangaza. Mtu wa kilo 60 akipanda mizani ya huku atasoma kilo 23 hivi, na hakuna ajuaye mifupa ya mtoto aliyezaliwa na kukulia katika wepesi huo itakuwaje. Wastani wa joto ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Hewa ni nyepesi mno, chini ya asilimia 1 ya mkandamizo wa hewa yetu, na karibu yote ni kaboni dioksidi.

Hata hivyo, hewa hiyo si ya kutupwa. Gari la utafiti la Perseverance, lililotua Februari 2021, lilibeba mtambo mdogo uitwao MOXIE, ambao kazi yake ilikuwa kuipasua kaboni dioksidi na kutoa oksijeni. Hadi mwaka 2023 ulikuwa umewashwa mara 16 na kutoa jumla ya gramu 122. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 kwa siku, kwa hiyo kazi yote hiyo ya miaka miwili isingemfikisha mtu mmoja saa nne. Kwa mtambo unaotoshana na betri ya gari huo ni mwanzo wa maana, ila bado ni mwanzo.

Kuhusu maji, habari njema ilipitia jirani zetu. Chombo cha Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008, kikiwa na kituo cha hali ya hewa kutoka Kanada. Wanasayansi wa kituo hicho waliongozwa na Chuo Kikuu cha York, hicho hicho kilichofungua kampasi yake hapa Markham mwaka 2024. Kifaa chao kilirusha mwale wa leza angani na kupima mwanga unaorudi. Kilichoonekana ni theluji ikianguka kutoka kwenye mawingu yaliyokuwa kilomita 4 hivi juu. Sisi tunaoamka alfajiri ya Januari kuondoa theluji mlangoni tunaweza kujivunia kidogo kwamba watu wa Toronto ndio walioiona theluji ya Mirihi ikinyesha.

Phoenix hiyohiyo ilichota udongo na kukuta barafu chini yake. Lakini katika udongo huo ilikuta pia chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo hudhuru tezi ya shingoni. Kwa hiyo anayeota shamba la mchicha Mirihi ajue kwamba kabla ya kupanda atalazimika kuuosha udongo, na maji ya kuoshea ayachimbe kwenye barafu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mirihi hakuna mwenyeji wa kukupokea siku zile mbili, na jembe utakwenda nalo mwenyewe.

Waliowahi kulowea hapa hapa

Tukitaka kujua makazi mapya huanguka au husimama vipi, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1794 William Berczy, mchoraji na msanifu majengo aliyezaliwa Ujerumani, alileta familia zipatazo 64 za Wajerumani kwenye msitu ambao leo ni Markham. Waliahidiwa ardhi kwa sharti la kufyeka, kujenga na kufungua barabara. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya njaa. Baadhi yao walikata tamaa wakarudi Niagara, kulikokuwa na chakula na watu.

Mimi naona funzo lote la Mirihi liko katika neno hilo "wakarudi". Niagara iko ng'ambo ya pili ya ziwa, mtu mwenye njaa aliweza kufika. Aliyeko Mirihi, mavuno yakiharibika mwezi wa pili, atasubiri sayari zikaribiane. Kwa hiyo makazi ya huko hayawezi kuanza kama yalivyoanza Markham, kwa watu kwanza na chakula baadaye. Itabidi mitambo itangulie, ifanye kazi peke yake kwa miaka, maghala yajae hewa, maji na vipuri, ndipo mtu wa kwanza apande roketi. Elon Musk alipoanzisha kampuni ya SpaceX mwaka 2002, lengo lake lilikuwa Mirihi, na roketi zake zimeshusha sana gharama ya kupeleka mizigo angani. Lakini roketi ni barabara tu, na Berczy alikuwa na barabara.

Kuna jambo la pili katika kisa hiki. Ule msitu haukuwa mtupu. Wamississauga walikuwa wakiishi na kuwinda katika nchi hii kina Berczy walipofika. Karne mbili na zaidi kabla yao, huko Stouffville, kaskazini kidogo tu ya hapa tulipo, Wahuron-Wendat walikuwa na mji wenye nyumba ndefu zaidi ya 90, ambao mabaki yake yalifukuliwa miaka ya 2000. Berczy mwenyewe hakupata ardhi yote aliyoahidiwa. Serikali iligeuza maneno, naye akafa New York mwaka 1813 bila kulipwa alichodai. Mtu aliweza kulowea kwa jasho lake na bado mwenye kusema "hapa ni pangu" akawa mwingine kabisa.

Kutawala: nani atasema hapa ni pangu?

Mwenzetu wa Nakuru anakijua kisa kama hicho kwa upande wa pili. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya ardhi iliyoiruhusu kuuza na kukodisha ardhi ambayo yenyewe iliihesabu kuwa haina mtu. Sheria ya 1915 ikaruhusu mlowezi kukodi shamba kwa miaka 999. Ardhi haikuwa tupu; ilitangazwa kuwa tupu.

Mtu atasema Mirihi ni tofauti, kwa kuwa ni tupu kwelikweli. Ni kweli kwamba hakuna babu wa mtu atakayegeuzwa kibarua kwenye shamba lake. Lakini barafu iliyo karibu na uso wa sayari, mahali penye jua la kutosha na uwanda wa kutua, haiko kila mahali. Watakaofika kwanza watachukua penye maji. Watakaofuata watakuta nini?

Swali hilo si geni kwa nchi zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia, ikipokea zamu kutoka Kano, Nigeria. Lakini visiwani kulikuwa na maandamano na malalamiko: watu walihofia kwamba kituo hicho kingeiingiza nchi yao katika vita visivyowahusu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wakaondoka na kituo kikafungwa. Wazanzibari hawakuuliza kama mtu anaweza kwenda angani. Waliuliza ardhi yao inatumiwa na nani na kwa faida ya nani.

Mwaka 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, 12 Desemba, setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Bahari ilikuwa ya Kenya na jina letu, ila roketi na setilaiti zilikuwa za Wamarekani na jukwaa la Waitaliano.

Miaka sita baadaye nchi zetu zilisema waziwazi. Desemba 1976, Kenya, Uganda, Zaire na nchi nyingine za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, zikatangaza kwamba njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta ni sehemu ya mali yao. Dunia haikukubali, na kisheria hoja yao ilikuwa dhaifu: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi au sayari au anga lenyewe. Lakini hofu yao ilikuwa ya haki. Nafasi zile zina kikomo, na kanuni ya anayewahi ndiye mwenye nacho huwapendelea wenye roketi.

Hofu hiyo imerudi. Mkataba wa 1967 unazikataza nchi kutwaa sayari, lakini hausemi waziwazi kuhusu kampuni inayochimba barafu na kuiuza. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayowapa raia wake haki ya kumiliki wanachokichimba angani. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa roketi ya SpaceX, kutoka Kalifonia. Tumekuwa abiria, na abiria mwenye busara huuliza nauli na masharti kabla ya kupanda.

Tuandike nini ubaoni?

Alhamisi iliyofuata niliwaeleza wenzangu pendekezo langu, nami nalirudia hapa ili walimu wetu walisahihishe. Tusitafute neno moja la Kiswahili la kubeba neno lile la Kiingereza. Makala ikizungumzia hewa, maji, mifupa na chakula, tuandike kulowea. Ikizungumzia mipaka, hati na nani achimbe nini, tuandike kutawala au kumiliki. Na mwandishi akiyachanganya yote mawili, tafsiri yetu iyatenganishe, hata kama sentensi itakuwa ndefu mara mbili.

Mwenzetu wa Nakuru alikubali, kwa sharti moja: neno mlowezi likitumika, lisisafishwe. Alisema anayekwenda Mirihi abebe neno hilo na historia yake, ili akifika na kuona barafu akumbuke kuna wengine nyuma yake.

Tuliliandika sharti lake kwenye daftari la istilahi la klabu. Chai ya siku hiyo tuliinywa ikiwa ya moto.