Umechuja kwa jina la keshia na hesabu haifiki? Soma hii kwanza

Umefunga duka, umefungua dashibodi ya biashara, na jumla ya leo ni Sh18,400. Unachuja kwa keshia. Wa kwanza ana 9,200, wa pili 6,700. Ukijumlisha ni 15,900. Sasa hizo 2,500 ziko wapi? Wengi wakifika hapo huchukua simu na kumpigia keshia kwa hasira. Ngoja kidogo.

Malipo yanapoingia, rekodi yake hubeba vitu vichache tu: msimbo wa muamala, kiasi, saa, namba ya mteja na namba ya till. Jina la keshia halimo, wala jina la tawi. Hayo yamehifadhiwa kando, na mfumo ndio huyaunganisha: till hii ni ya duka la Gilgil, na saa hiyo aliyekuwa ameingia kwa jina lake ni fulani. Kwa hivyo ukichuja kwa keshia, unaonyeshwa malipo yaliyounganishwa na mtu huyo peke yake. Yale ambayo hayakuunganishwa na mtu hayatokei kwa yeyote. Pesa ziko kwa akaunti, ni vile tu hazina jina.

Na hii hutokea sana, hasa saa ya lunch. Keshia anatoka kwenye mfumo aende kula, mwenzake anashika kaunta bila kuingia kwa jina lake mwenyewe. Wateja wanalipa kama kawaida, lakini nafasi ya keshia inabaki tupu. Kuziona, acha tarehe ileile, kisha badala ya jina chagua "Bila keshia". Angalia saa za malipo hayo kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi saa zenyewe zitakuambia nani alikuwa kaunta.

Kuchuja kwa tawi kuna mtego wake. Mfumo unaangalia till iko tawi gani leo. Tuseme tarehe 15 umeihamisha kutoka Gilgil kwenda Nakuru: hata mauzo ya tarehe 3 yatahesabiwa Nakuru, na Gilgil itaonekana kama ililala nusu mwezi. Sisi tungekushauri uombe till mpya kwa duka jipya. Ukiwa umeshahamisha, achana na tawi, chuja kwa namba ya till na tarehe.

Na mteja akisimama mbele yako akisema amelipa lakini humwoni, ondoa vichujio vyote, hata kile cha jana ulichosahau, halafu tafuta kwa msimbo ulio kwenye SMS yake. Ukikosa hata hapo, pesa hazijafika kwako. Usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa SMS.