Kitenzi "Kulia" katika Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wengi wasemao Kiswahili wana lugha nyingine nyumbani, kama Kihangaza, Kishubi au Kizinza. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza, chasema kurira. Kihaya, kaskazini, chasema okulila. Kiswahili chasema kulia. Shina ni moja. Kiswahili kimepoteza konsonanti ya pili tu, nayo yaacha alama katika kuliza, ambamo z yatokana na l iliyopotea.

Kuna utata pia, kwa kuwa kula nacho, katika hali ya kutendea, chawa kulia: chumba cha kulia, na mkono wa kulia, ambao ndio wa kulia chakula wala hauhusiani na machozi.

Tena machozi si sharti. Ngoma yalia, kengele yalia, bunduki yalia. Sauti hizo ni milio. Kilio ni cha mtu, na aghalabu cha msiba. Aambiwaye "kwa jirani kuna kilio" haulizi nani anatokwa machozi. Auliza nani amefariki. Kamusi ifasiriyo kilio kwa machozi peke yake yapotosha, na mahakamani kosa hilo si dogo. Shahidi asemaye "nilisikia kilio" huenda alisikia maombolezo ya matanga, au yowe la mtu aliyekuwa akishambuliwa. Mkalimani hana budi kumwuliza ni kilio gani, kabla karani hajaandika.