Saa, Siku na Ritifaa: Kujifunza Lugha ya Skripti kwa Usimamizi wa Tovuti

Msimamizi wa tovuti ya chuo hurudia kazi zilezile kila wiki: kunakili hifadhidata, kukagua viungo vilivyokufa, kusawazisha majina ya faili za tasinifu. Lugha ya skripti, kama vile Python iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, humwezesha kuziandika kazi hizo mara moja na kuiachia seva izitekeleze. Hudhaniwa kwamba kikwazo kwa anayejifunza kwa Kiswahili ni Kiingereza cha lugha hizo. Makala haya yanaona vinginevyo. Maneno maalumu ya Python hayafiki 40, na mwanafunzi huyazoea kama anavyozoea alama za hisabati. Ugumu halisi umo pale skripti inapokutana na desturi za Kiswahili chenyewe.

Tuanze na ratiba. Katika seva za jamii ya Unix, programu ya cron husoma mstari wenye sehemu tano, yaani dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma, kisha amri. Mstari unaoanza na 0 2 * * 1 huagiza kazi ifanyike kila Jumatatu saa nane usiku. Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Kiswahili huzihesabu kwa kufuata macheo na machweo. Tofauti ni saa sita. Anayekusudia saa nane usiku akaandika 8, hifadhidata itanakiliwa saa mbili asubuhi, wakati wasomaji wanaanza kuingia. Jumatatu nayo imebeba tatu kwa sababu juma la Kiswahili huanza Jumamosi. Kwa cron Jumapili ni 0, hivyo 3 ni Jumatano. Seva ikifuata saa za UTC, saa tatu za Afrika Mashariki huongezeka katika hesabu. Makosa haya hayaleti ujumbe wowote wa hitilafu, kwani mstari ni sahihi kisarufi. Ndiyo maana ni mabaya kuliko makosa ya sarufi.

Ritifaa ina madhara mapana zaidi. Kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye alama juu yake, huchukuliwa kuwa hakiisumbui kompyuta. Hata hivyo, alama iliyomo katika neno ng'ombe ndiyo inayofungua na kufunga matini katika Bash, Python na SQL. Jina la faili lenye neno hilo likiandikwa katika amri ya Bash bila kulindwa, Bash hungoja alama ya kufunga isiyokuja. Anayebandika kichwa cha tasinifu moja kwa moja ndani ya amri ya SQL hukumbana na hitilafu, na papo hapo huacha wazi mlango uleule ambao wadukuzi hupenyezea amri zao. Kinga yake ni kupitisha kichwa hicho kama kigezo, kando ya amri.

Aidha, programu za kuandikia mara nyingi hugeuza ritifaa nyoofu kuwa ya kupinda. Katika Unicode hizo ni alama mbili tofauti, U+0027 na U+2019. Tasinifu iliyosajiliwa kwa moja yaweza kukosekana kwa anayetafuta kwa nyingine, ingawa imo hifadhini.

Kwa maoni yangu, skripti ya kusawazisha ritifaa katika vichwa vya tasinifu yafaa kuwa zoezi la mwanzo, badala ya lile lililozoeleka la kuchapisha salamu. Ifanyiwe kazi juu ya nakala, na mara ya kwanza ioneshe tu mabadiliko inayokusudia, bila kuandika chochote.